Mrejesho: Kamera ya nyuma ya trela la kulala imetulia

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini kamera isiyo na waya niliyoifunga nyuma ya trela letu la kulala la futi 28, hapa Texas, ilikuwa ikikata picha kila nilipopita maili 40 kwa saa. Mimi niliilaumu antena. Mmoja wenu alinishauri nipime kwanza ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha trela, naye ndiye aliyepatia. Umeme nilikuwa nimeuchukua kwenye waya wa taa ndogo za juu, jambo ambalo halikuwa na kasoro, ila waya wa ethi niliubana kwa skrubu juu ya chuma chenye rangi na kutu. Mita ilisoma volti 12.6 kwenye betri, lakini kwenye kamera ilisoma 9.8, na nilipoutikisa waya ikashuka zaidi. Nimepiga msasa hadi chuma kikang'aa, nikakaza upya na kuziba tundu kwa silikoni. Jumamosi tumesafiri maili 90 bila picha kukatika, ingawa mke wangu bado anashuka kunielekeza kwa mikono ninaporudi nyuma.