Mama mkwe kapimwa msongo wa mawazo, kila swali kajibu "hapana". Nifanyeje?

MamaNeema_KY: Habari zenu wapendwa. Tupo Kentucky, Marekani, mama mkwe katufuata kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Tanzania, kwao asili ni Fizi, Kongo. Tangu afike halali, usiku namkuta jikoni kakaa gizani, anasema mwili unamchoma na kichwa kizito, ugali anamega matonge mawili basi. Kliniki wakamsomea ile PHQ-9, fomu ya kupima depresheni, maswali 9, mkalimani yuko kwenye simu anaongea Kiswahili cha Nairobi haraka haraka, mama haambulii kitu ananiangalia mimi, ikabidi niwe namrudishia. Kila kitu "hapana, Mungu ni mwema". Lile la mwisho la kutamani kufa akainamisha macho kabisa. Pointi hazikufika 10, wakasema hana depresheni. Naishi naye jamani, hayuko sawa. Kuna kipimo kingine?

dadaMkalimani: Pole mdogo wangu. Hiyo fomu ingekuwa nzuri vipi, wewe ukiwa chumbani hasemi. Atamwambiaje mke wa mwanae kwamba anatamani kufa, au yaliyompata kule kwenye vita? Na mwanae ndo usimpeleke kabisa. Pigeni simu kabla ya miadi, ombeni mkalimani mwanamke, mtu mzima, wa Kibembe au Kiswahili cha Kongo, asiwe wa kanisani kwenu maana ataogopa habari zitasambaa. Hamlipi chochote, hospitali ikipokea hela za serikali kuu sheria ya haki za kiraia ya 1964 inaibana itoe mkalimani. Nyie mkae nje.

Baba Riziki: Si kila kitu ugonjwa, mama kaacha watu wake kambini lazima awaze. Mpelekeni kwa kina mama wenzake wasali naye.

dadaMkalimani: Baba Riziki wasali naye kabisa, inasaidia sana, ila na daktari aende. Asiyelala wala kula hasubirishwi.

nesi_wa_Dayton: Ulizia RHS-15, nayo ni fomu ya maswali, ilitengenezwa Seattle kwa ajili ya wakimbizi na Kiswahili ipo. Inaanza na maumivu ya misuli, mifupa na viungo ndo inaingia kwenye huzuni, kwa hiyo mama ana pa kuanzia maana mwili keshausema. Ila haina swali la kujiua, mwambie daktari hilo amuulize mama wakiwa peke yao, na umweleze alivyoinamisha macho. Akianza kuongelea kufa usingoje miadi, piga 988, namba ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, usiku wowote, omba mkalimani.

MamaNeema_KY: Asanteni sana, kesho asubuhi napiga. Kibembe ndo ataongea vizuri zaidi, sikujua kama naweza kuomba.

dadaMkalimani: Omba, na waambie waandike kwenye faili lake ili kila miadi mkalimani wa Kibembe awepo.