Picha ya zamani ya barabara inayoenda Lango la Jaffa, Yerusalemu: ni ya mwaka gani?

Kumbukumbu_Tz: Wakuu habari za jioni. Kuna picha ya Yerusalemu nimeidownload, ya ile rangi ya kahawia, imepigwa nje ya mji, barabara ya vumbi inaenda hadi Lango la Jaffa na ngome ipo upande wa kulia. Haina tarehe. Inaweza kuwa ya lini? Na mbona barabara iko tupu wakati jua linawaka kabisa?

Mzee wa Ramani: Mkuu zoom hapo kati ya lango na ngome. Kama ukuta umeungana na chini kuna handaki, hiyo ni kabla ya 1898, maana mwaka huo Waturuki walivunja kipande na kufukia handaki ili Kaizari Wilhelm II wa Ujerumani aingie na msafara wake, si unajua lango lenyewe ukishaingia tu unakata kona, gari la farasi linapata tabu. Ukiona mnara wa saa juu ya lango basi ni ya karne ya 20, Waingereza waliutoa miaka ya 1920.

Kumbukumbu_Tz: Saa hakuna, ukuta umeungana. Kuna ngamia wawili wamelala pembeni wanaonekana mpaka kamba za shogi, ila katikati ya barabara kuna kama moshi moshi hivi.

fundi_kamera: Huo sio moshi bro, ni watu hao 😂 Enzi hizo kioo kilipakwa dawa kikapigwa kikiwa bado kibichi, lenzi inaachwa wazi sekunde kadhaa, sasa anayetembea anafutika na aliyetulia anabaki. Ndo maana ngamia wametoka safi.

Mama Neema: Nilipoenda hija mwongozaji alitupitisha hapohapo palipovunjwa, magari yanapita mpaka leo. Akatuambia Jenerali Allenby wa Uingereza, alipouteka mji 1917, alishuka kwenye farasi akaingia kwa miguu, makusudi kabisa, asifanane na yule Kaizari.

Mzee wa Ramani: Allenby ni kweli. Kumbukumbu, cheki kama kuna magari ya farasi, barabara ya kutoka mji wa bandari wa Jaffa ilianza kupitika na magari hayo mwishoni mwa miaka ya 1860.

Kumbukumbu_Tz: Yapo matatu kwenye kivuli cha ukuta! Kwa hiyo kati ya 1870 na 1898, sio?

Mzee wa Ramani: Hapo sawa. Itupie humu basi na sisi tuione.