Nimezima swichi ila tesa ya kupimia umeme bado inawaka kwenye holda

Wakuu habari, nataka kubadilisha holda ya taa sebuleni, swichi ya ukutani nimezima na taa imezima ila nikigusisha tesa kwenye holda inawaka, sasa moto unatoka wapi?

Jibu: Usishike hapo mkuu! Inawezekana aliyefunga kapitisha nyutro (waya wa kurudisha umeme) kwenye swichi badala ya laivu (waya unaoleta moto), kwahiyo taa inazima lakini moto unabaki pale pale. Zima meni swichi kabisa na uwaambie wa nyumbani asije mtu akawasha uko juu ya stuli.

Jibu: Naongezea, tesa usiitegemee peke yake, ukisimama kwenye kitu kikavu inaweza kufifia ukadhani hamna umeme. Tafuta multimita (mita ya kupimia umeme), weka kwenye volti za AC 750, pima kwanza soketi yenye moto, ikisoma 230 hivi mita ni nzima, ndo uzime meni upime holda, laivu na nyutro, laivu na ethi (waya wa ardhini), nyutro na ethi, zote zisome sifuri. Kama kuna inveta au jenereta nazo zima.

Muuliza swali: Asanteni. Waya nyekundu si ndo laivu?

Jibu: Nyumba za zamani ndiyo, nyeusi nyutro. Mpya kahawia ni laivu, bluu nyutro. Ila kuna mafundi wanafunga rangi yoyote iliyobaki, kwahiyo pima tu. Na hiyo swichi ita fundi mwenye leseni airudishe kwenye laivu, usiiache hivyo.