Vigawe na vigawo: darasa la tano wanavichanganya, nianzie wapi?

Mwl_Mikindani

Habari za jioni wakuu. Ninasimamia masomo ya ziada hapa Mikindani, darasa la nne na la tano. Jedwali la 6 watoto wanaliimba mpaka mwisho bila kukosea. Lakini ukiwaandikia ubaoni "Taja vigawe vitano vya kwanza vya 6", unapata majibu ya aina tatu:

1, 2, 3, 6 (halafu wanakwama, wanasema zimeisha)

12, 18, 24, 30, 36

0, 6, 12, 18, 24

La kwanza ni vigawo, hilo liko wazi. La pili wameiruka 6 yenyewe. La tatu nataka kauli moja ya kuwapa, kwa sababu wanaoliandika wana hoja. Na kuna swali jingine linaloangusha karibu wote: "Kati ya 50 na 100 kuna vigawe vingapi vya 7?" Jibu linalorudi ni 6.

Nina vizibo vya soda kama 200, chaki, kamba ndefu ya katani na mabao mawili ya kuchezea. Naomba njia ya kufundisha kwa vitu, kukariri kumetosha.

---

Newala_Hesabu

Mwalimu, anza na maneno yenyewe, maana kosa la kwanza ni la lugha kabla halijawa la hesabu. Maneno mawili yanatofautiana herufi moja ya mwisho, na herufi hiyo ina kazi.

Shika kizibo kimoja mkononi uwaulize: hiki kinafanya nini? Kinaziba. Mfuniko je? Unafunika. Herufi o mwishoni mara nyingi inataja kitu kinachotenda ile kazi. Basi kigawo ni kinachogawa. Sasa waulize kuhusu kiumbe: kinaumba au kimeumbwa? Kimeumbwa. Mtume ametumwa, mteule ameteuliwa. Herufi e inataja kilichotendwa. Basi kigawe ni kinachogawanywa.

Kisha andika sentensi moja ubaoni na uiache hapo wiki nzima: 6 inagawa 18 bila baki. Inayogawa ni 6, hiyo ni kigawo cha 18. Inayogawanywa ni 18, hiyo ni kigawe cha 6. Sentensi ni moja, namba ni zilezile mbili, ila unaitazama kutoka upande huu au ule. Usifundishe vigawe Jumatatu na vigawo Alhamisi kama mada mbili zisizojuana. Hapo ndipo mchanganyiko unapozaliwa.

Na uwasahihishe kuhusu lile "zimeisha". Vigawo vya 6 vinaisha kweli, viko vinne tu. Vigawe vya 6 havina mwisho. Watoto wengi wanadhani vinaishia 72 kwa sababu jedwali waliloliimba liliishia 12. Waulize kama 600 ni kigawe cha 6. Utashangaa ni wangapi watakataa.

---

KaskaziMpakaKusini

Nakubaliana na Newala_Hesabu, ila tahadhari kidogo: hiyo o haifuati kanuni hiyo katika kila neno. Wimbo hauimbi, unaimbwa. Ichukuliwe kama kamba ya kushikia kumbukumbu kwa maneno haya mawili, isiwe sheria ya sarufi, asije mtoto akaipeleka kwenye mtihani wa Kiswahili.

---

Mama_Vizibo

Kwa vitendo, fanya hivi mwalimu. Chora mraba mkubwa wa chaki sakafuni. Mtoto aweke safu ya vizibo 6, vikae sambamba kabisa. Asome: "safu moja, sita." Aongeze safu ya pili chini yake, kizibo chini ya kizibo: "safu mbili, kumi na mbili." Aendelee mpaka safu ya tano. Kila safu inapokamilika anaandika pembeni jumla ya vizibo vyote vilivyopo chini. Orodha atakayokuwa nayo ni 6, 12, 18, 24, 30.

Hapo jibu la pili linajirekebisha lenyewe. Anayeanza na 12 anafikiri kuzidisha lazima kuikuze namba, kwa hiyo anaona kuzidisha kwa 1 si kuzidisha. Mwonyeshe ile safu ya kwanza sakafuni: ipo au haipo? Ipo. 6 mara 1 ni 6, kwa hiyo 6 ni kigawe chake yenyewe.

Kosa la kuangalia: mtoto anaandika idadi ya vizibo vya safu mpya (6, 6, 6) badala ya jumla, au anaandika namba ya safu (1, 2, 3, 4, 5). Kwa hiyo mpe karatasi yenye mistari miwili wima, upande mmoja "safu ya ngapi", upande wa pili "vizibo vyote". Upande wa pili ndio vigawe.

Kwa vigawo geuza zoezi. Sasa idadi ya vizibo imefungwa, tuseme 12, na mtoto anatafuta mistatili yote inayotoka bila kizibo kubaki: safu 1 ya 12, safu 2 za 6, safu 3 za 4. Safu za 5 zinaacha viwili nje, basi 5 si kigawo cha 12. Kwenye vigawe unaongeza vizibo, kwenye vigawo unavipanga upya vilevile ulivyonavyo. Mikono ya mtoto ikishaijua tofauti hiyo, maneno yanakaa.

Bao litumie kwa 8. Lina safu 4 za mashimo 8, jumla 32, na kete zake ni 64, yaani mbili kwa kila shimo. Waulize: kete 64 zikiwekwa tatu tatu, zitajaza mashimo mangapi na zitabaki ngapi? Yatajaa 21 na itabaki kete 1, kwa hiyo 64 si kigawe cha 3.

Jambo moja la msimu: watu huku kwetu wakikosa vizibo wanachukua korosho. Korosho ghafi nzima iliyokauka sawa, lakini usiwape maganda yaliyobanguliwa. Mafuta ya ganda yanababua ngozi, na watoto wanagusa macho.

---

Mpima_Shamba

Lile swali la 50 na 100 ni kosa la vigingi, nami naliona shambani kila msimu wa kupanda.

Mikorosho inapandwa mita 12 kwa 12. Ukinyoosha kamba ya mita 60, watu wanagawanya 60 kwa 12, wanapata 5, wanaandaa miche 5. Ukifika mwisho wa kamba, mche umepungua. Nafasi ni 5, lakini vigingi ni 6, kwa kuwa kigingi cha kwanza kinakaa kwenye sifuri: 0, 12, 24, 36, 48, 60. Kamba ikiwa mita 100, 100 gawanya kwa 12 ni 8 baki 4. Kigingi cha mwisho kinakaa kwenye 96, zile mita 4 zinabaki mtupu, na vigingi ni 9.

Mwalimu, kamba unayo. Itie fundo kila baada ya shubiri moja, au chora alama kila sentimita 12 ukutani, kisha watoto wahesabu alama na nafasi kwa sauti mbili tofauti: kundi moja nafasi, kundi jingine alama.

Sasa rudi kwenye 7. Hatua ni hizi. Gawanya 50 kwa 7: ni 7 baki 1. Maana yake 49 ndicho kigawe cha mwisho kabla ya kufika 50, kwa hiyo cha kwanza ndani ya eneo lako ni cha 8: 8 × 7 = 56. Gawanya 100 kwa 7: ni 14 baki 2. Cha mwisho ni cha 14: 98. Unatoka cha 8 mpaka cha 14. Wanaotoa 14 − 8 wanapata 6, wamehesabu nafasi. Toa 14 − 7, yaani vyote mpaka 100 toa vile vya kabla ya 50, unapata 7. Viorodheshe uhakikishe: 56, 63, 70, 77, 84, 91, 98.

Wanaokwama baada ya 84 kwa sababu jedwali limeisha, wape kanuni hii: ukijumlisha vigawe viwili vya 7 unapata kigawe cha 7. 91 ni 70 na 21. 98 ni 70 na 28. Hata 434 ni 420 na 14, basi ni kigawe cha 7 bila kugawanya kwa njia ndefu.

---

Newala_Hesabu

Kuhusu sifuri, kwa kuwa hakuna aliyeigusa. Kigawe cha 6 ni zao la 6 na namba nzima yoyote. Namba nzima zinaanza 0. 6 × 0 = 0. Kwa hiyo 0 ni kigawe cha 6, na cha kila namba nyingine. Mtoto aliyeandika 0 hajakosea hesabu.

Ila orodha za darasani kwa kawaida zinaanzia na namba yenyewe, na ipo sababu: tukiihesabu 0, basi kigawe kidogo kuliko vyote kwa namba zozote mbili kingekuwa 0, na KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika) isingemsaidia mtu yeyote. Kauli ya kuwapa: "0 ni kigawe, lakini orodha yetu inaanza na 6 × 1." Na wewe mwenyewe ukitunga swali, andika "kuanzia 6". Swali likiwa wazi, hakuna mtoto atakayepoteza alama kwa kujua zaidi.

---

Trei_na_Kreti

Mkishafika KDS, jihadharini na jina. Kigawe Kidogo cha Shirika: mtoto anasikia "kidogo" anakimbilia namba ndogo. Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS): anasikia "kikubwa" anakimbilia namba kubwa. Mambo ni kinyume. KDS haiwezi kuwa ndogo kuliko namba kubwa uliyopewa, na KKS haiwezi kuzidi namba ndogo uliyopewa. Waambie waangalie hilo kabla ya kupiga mstari chini ya jibu. Mtoto aliyeandika KDS ya 24 na 30 ni 6 atajikamata mwenyewe.

Mfano wa kutumia: trei ya mayai ina 30, kreti ya soda ina chupa 24. Kwenye shughuli kila mgeni anapewa yai moja na soda moja, na hutaki kibaki kitu. Ununue trei ngapi na kreti ngapi? Chukua namba kubwa, taja vigawe vyake, kila kimoja ukijaribu kwa ndogo. 30 kwa 24 baki 6. 60 baki 12. 90 baki 18. 120 baki 0. Basi wageni 120, trei 4, kreti 5. Kuanza na namba kubwa kunapunguza kazi: majaribio manne badala ya matano.

Anayezidisha 24 × 30 akaleta 720 amepata kigawe cha shirika, ila si kidogo. Amerudia 6 ambayo ipo ndani ya zote mbili. 720 gawanya kwa 6 inarudi 120.

Na mtego mwingine: namba ikiwa kigawe cha 4 na pia cha 6, wengi wanasema lazima iwe kigawe cha 24. Jaribu 36. Inagawanyika kwa 4, inagawanyika kwa 6, kwa 24 inabaki 12. Kinachohakikishwa ni KDS yao, yaani 12.

---

Mwl_Mikindani

Ahsanteni sana, hasa hilo la e na o na la vigingi. Nimeletewa swali na mzazi mmoja, mnisaidie kulipanga: mashamba mawili yanapakana. Moja linapuliziwa salfa ya unga kila baada ya siku 14, la pili dawa ya maji kila baada ya siku 21. Yote yameanza tarehe 1 Juni. Lini tena watapulizia siku moja? Mtoto kajibu siku ya 42, halafu akaandika tarehe 12 Julai.

---

Mpima_Shamba

Siku 42 ni sahihi: 14, 28, 42 upande mmoja, na 21, 42 upande wa pili. Kilichoharibika ni kigingi cha sifuri tena. Tarehe 1 Juni ni siku ya 0, si siku ya 1. Siku 14 baadaye ni tarehe 15, si 14. Mwambie aandike mistari miwili, siku juu na tarehe chini:

0, 14, 28, 42
1 Juni, 15 Juni, 29 Juni, 13 Julai

Kisha shamba la pili:

0, 21, 42
1 Juni, 22 Juni, 13 Julai

Tarehe 1 mpaka 30 Juni ni siku 29 za kusogea. 42 toa 29 ni 13. Jibu ni 13 Julai. Mpe alama za KDS, umkate ya tarehe, na umwonyeshe kwenye kalenda kwa kidole, akihesabu mruko na siyo kisanduku.