MJADALA: Aliyefaulu mtihani wa udereva wa kujihami apunguziwe bima ya gari?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, salaam. Jambo hili ninalo moyoni tangu Machi, nimeona niliweke hapa tulijadili.

Machi nilimaliza kozi ya udereva wa kujihami, yaani kuiona hatari mapema kabla haijakufikia. Siku tano: mbili darasani, tatu barabarani, ya mwisho ndiyo ya mtihani. Wiki mbili baadaye bima ya gari ikawa inaisha, nikaenda kwa wakala na cheti changu kwenye bahasha. Dada wa pale alikisoma chote, akanipongeza kwa moyo, kisha akanirudishia. Mfumo hauna mahali pa kukiingiza. Alichotaka ni kadi ya gari, thamani yake, na kama ni la binafsi au la biashara. Tukalikadiria milioni 20. Bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, asilimia 3.5, hiyo ni laki saba. Weka VAT ya asilimia 18, jumla 826,000. Nikalipa, nikaondoka. Njia nzima nikawa najiuliza: wameuliza kila kitu kuhusu gari, mbona anayeshika usukani hawajamuuliza hata swali moja?

Hoja yangu ni kwamba mtu aliyejifunza zaidi ya kile leseni inachodai, akapimwa na akafaulu, alipie bima kubwa pungufu kuliko ambaye hajafanya hivyo. Bima ndogo, inayolipa uliowagonga tu, naiacha, ile ya 118,000 kwa gari la binafsi ni kiwango kimoja kwa wote na sina ugomvi nayo.

Niwaeleze na mtihani wenyewe, maana wengi wanadhani ni kurudi kinyumenyume kati ya koni. Tulitoka Buguruni kuelekea Tabata Segerea. Mkufunzi kakaa kushoto na ubao wake wa kuandikia, akaniambia niendeshe huku nasema kwa sauti kila ninachokiona na nitakachokifanya. Dakika za mwanzo ulimi ulikuwa mzito. Baadaye ukazoea. "Daladala mbele kawasha indiketa ya kushoto, ila matairi ya mbele yameshaanza kukata kulia, namsubiri. Bodaboda anatoka kituo cha mafuta, kichwa kimeangalia upande mmoja tu, hajaniona, naachia mafuta. Watoto wa shule watatu wameshavuka, wa nne kabaki upande huu, huyu atakimbia."

Akakimbia kweli. Nilikuwa nimeshashuka hadi mwendo wa kutembea, akapita mbele ya boneti begi likimrukaruka mgongoni. Nina miaka 11 barabarani na mtoto wa nne sikuwahi kumhesabu. Mkufunzi hakusema neno, aliandika tu.

Serikali yenyewe inaamini mafunzo. Soma tangazo la ajira ya dereva serikalini: wanataka leseni ya daraja C au E ambayo mtu ameifanyia kazi angalau mwaka mmoja bila kusababisha ajali, pamoja na cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA au chuo kingine kinachotambuliwa. Dereva wa basi naye anatakiwa apite kozi ya PSV, yaani ya magari ya abiria, wengi wanaifanyia NIT, chuo cha usafirishaji pale Mabibo, na LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini, nao wana mtihani wao kwa madereva wa magari ya abiria. Sasa kwa nini kwenye bima mafunzo hayohayo yasihesabike?

Nawasilisha.

Wakala wa bima, Arusha

Mkuu, kazi hii naifanya mwaka wa tisa sasa, na hoja yako nimeisikia kwa wateja wengi. Kwanza ujue kiwango hicho hakikubuniwa na yule dada wala kampuni yake. Viwango vya chini vinatoka TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Kampuni zikiachiwa zivutane kwa kushusha bei, siku madai yakija hela ya kulipa haitakuwepo, na atakayeumia ni wewe mwenye gari.

Pili, si kweli kwamba dereva haangaliwi. Lipo punguzo la kutodai. Ukimaliza mwaka bila dai, ukija kukata tena unapunguziwa, na kadiri miaka inavyokwenda bila dai linaongezeka. Cheti kinanieleza uliendeshaje siku moja, mkufunzi akiwa pembeni. Rekodi ya madai inanieleza uliendeshaje mwaka mzima, usiku, mvua ikinyesha, ukiwa umechelewa kazini. Mimi naiamini hiyo ya pili.

Tatu, na hili ndilo linalonitisha: leo nikitangaza kwamba karatasi fulani inampunguzia mtu laki moja, baada ya mwezi karatasi hiyo itauzwa elfu thelathini. Leseni zenyewe kuna watu wanazo na hawajawahi kukanyaga darasa.

Dereva wa lori, Mbeya

Mimi naendesha semi. Napeleka mzigo Lubumbashi, narudi na shaba hadi bandarini Dar. Kozi kama ya mleta mada niliifanya kwa hela yangu mwenyewe, na ilinisaidia.

Mfano ni mlima Kitonga kule Iringa, wakati wa kurudi na mzigo. Pale hushuki kwa breki, unashuka kwa gia. Gia unaichagua ukiwa bado juu kabisa, kabla ya kona ya kwanza, kwa sababu ukishaanza kuporomoka na tani zako halafu ndiyo unakumbuka kurudisha gia, haiingii. Gari linabaki huru. Unakalia breki, zinapata moto, harufu inaingia ndani ya kichwa cha gari, unakanyaga tena na gari haliitikii. Mwenzangu mmoja nilimkuta katikati ya mlima amelilaza upande wa ukingo kwa makusudi, kwa sababu mbele yake kulikuwa na basi. Yeye alipona.

Lakini nijibuni hili. Cheti ni changu, gari ni la tajiri. Bima ikishuka, anayefaidika ni tajiri. Mimi nililipa laki mbili na nusu ya kozi, nitapata nini? Na nikihamia kwa tajiri mwingine katikati ya mwaka, gari lile litaongezewa bima?

Halafu tajiri huyohuyo mwenye punguzo atanipigia simu saa saba usiku nikiwa Makambako, anataka mzigo uwe Dar kesho jioni. Usingizi hausomi cheti. Mkitaka kupunguza ajali za magari makubwa, anzeni na saa za kulala.

Mtanzania aliye Leicester, Uingereza

Huku jambo hili ni la miaka mingi, naomba niwape picha yake. Chama kinachoitwa sasa IAM RoadSmart kimekuwa kikitahini madereva tangu 1956. Kuna RoSPA pia, shirika la kuzuia ajali, wanaotoa daraja la dhahabu, fedha na shaba, na kwao unapimwa upya kila baada ya miaka mitatu. Kwa madereva wapya ipo Pass Plus, ilianza 1995: angalau saa sita na mwalimu, mjini, vijijini, usiku, kwenye hali mbaya ya hewa, kwenye barabara kuu.

Mimi nilifanya mtihani wa RoSPA, nikapata daraja la fedha. Nikapigia simu kampuni nne za bima. Moja tu ndiyo iliyonipunguzia, na hata baada ya punguzo lake bado ilikuwa ghali kuliko nyingine ambayo haikutaka hata kukisikia hicho cheti. Nikakata kwa hiyo isiyojali. Kwa hiyo mleta mada asitegemee kwamba punguzo likiruhusiwa ndiyo bei itashuka, kampuni inaweza kukupunguzia kwa mkono huu baada ya kupandisha kwa mkono ule.

Sababu moja ya kusita kwao naielewa. Anayejitolea kwenda kufanya mtihani asiolazimishwa mara nyingi tayari ni mtu makini. Akipata ajali chache huwezi kusema ni kozi au ni tabia yake. Wanaona afadhali wamfungie kijana kisanduku ndani ya gari kinachorekodi mwendo, anavyofunga breki na saa anazotembea, kisha wampangie bei kwa hicho.

Na kuna la Norway. Walifanya mafunzo ya kuendesha kwenye utelezi yawe ya lazima kwa madereva wapya. Utafiti uliofuata ukakuta vijana wa kiume wamezidi kupata ajali kwenye utelezi baada ya mafunzo. Walijifunza kulirudisha gari likiteleza, wakatoka pale wanajiona hakuna barafu ya kuwashinda. Sikatai mafunzo, nasema tuulizane kwanza ni mafunzo ya namna gani.

Mmiliki wa daladala, Mwanza

Nina Hiace mbili. Dereva wangu ana PSV, ana kila kitu, mtu mzuri. Siku Hiace ilipogonga mkokoteni, saa nane mchana, aliyekuwa anaendesha ni deiwaka, dereva wa kushikilia kwa muda, ambaye sijawahi kumwona maishani. Dereva wangu alikuwa anakula.

Mleta mada nakuuliza kwa heshima: hilo gari lako la milioni 20 unaliendesha peke yako?

Mleta mada

Nimesoma zote, na baadhi zimenibadilisha.

Wakala, nianze na wewe. Punguzo la kutodai nalijua na ninalo. Tatizo ni kwamba linahesabu madai, halihesabu ajali. Jirani yangu mwaka jana kaingia mtaroni mara mbili. Mara zote mbili alimpelekea fundi wa bodi kule Gerezani, akalipa mfukoni, akapiga rangi, kwa sababu alijua akidai punguzo linaondoka. Kwenye mfumo wako huyo ni dereva safi. Mimi na yeye tuko sawa kabisa mbele yako. Na kijana aliyenunua gari lake la kwanza mwezi huu hana miaka ya kukuonyesha, atathibitishaje kwamba anajali?

Vyeti vya kughushi ni hofu ya haki. Lakini stika za bima nazo zilighushiwa sana nchi hii. Dawa ilikuwa ni kuziingiza kwenye mfumo, siku hizi unaandika namba ya gari kwenye simu unaona kama bima ni hai. Basi na hili lifanywe vivyo hivyo: mtu asitembee na karatasi. Chuo kiingize jina na namba ya leseni ya aliyefaulu, wewe ukiingiza namba ya leseni uone. Na muda uwe na kikomo, nimeipenda ile miaka mitatu ya RoSPA. Miaka mitatu ikipita, urudi kupimwa au jina litoke.

Ndugu wa Leicester, la Norway limenifanya nisome upya vipeperushi vya kozi tulizo nazo. Zipo zinazouza kona za kasi na breki za ghafla kwenye uwanja mtupu, picha zimejaa matairi yanayotoa moshi. Hizo naungana nawe, zisihesabiwe. Kilichoniokoa Tabata ni kumwona yule mtoto mapema, breki zenyewe sikuzikanyaga kwa nguvu. Mtihani unaostahili kuhesabiwa ni ule wa barabarani, kwenye foleni yetu hii, mkufunzi akisikia unawaza nini.

Kaka wa Mbeya, kwako sina jibu. Nilikuwa nawaza gari la mtu binafsi, ambapo dereva na mlipaji ni yuleyule. Kwa lori, punguzo likienda kwa tajiri bila dereva kupata chochote ni dhuluma, na tajiri anaweza kujificha nyuma ya cheti chako huku akikunyima usingizi. Magari ya biashara nayatoa kwenye hoja yangu.

Mzee wa Mwanza, ndipo uliponikamata. Siliendeshi peke yangu. Mke wangu anapeleka watoto shule Kinyerezi kila asubuhi, kwa mwezi anakaa kwenye usukani kuliko mimi. Mdogo wangu analichukua wikiendi kwenda Bagamoyo. Cheti changu kimoja hakiwezi kulipunguzia bima gari linaloendeshwa na watu watatu.

Kwa hiyo nabadilisha pendekezo. Ada ibaki ilivyo, asilimia 3.5, wala TIRA asisumbuliwe. Fomu iongezwe mstari wa majina ya madereva. Ajali ikitokea, aliyekuwa anaendesha akiwa yumo kwenye orodha na mtihani wake ni hai, kile kiasi ambacho mwenye gari hujilipia kabla kampuni haijalipa kikatwe nusu. Akiwa nje ya orodha, kilipwe chote. Hapo kampuni haimpi mtu kitu kwa sababu ya karatasi, inampa siku ambayo kweli dereva aliyepimwa ndiye aliyekuwa amekalia kiti. Na deiwaka wa nyumbani anajulikana.

Mke wangu anaanza kozi Jumatatu ijayo. Mdogo wangu amekataa, anasema amezaliwa anajua kuendesha, kwa hiyo jina lake halitakuwa kwenye mstari.

Wakala, nakusubiri. Hilo la kukata nusu linaweza kuandikwa kwenye mkataba wa kampuni yako na mimi, au nalo linahitaji ruhusa ya juu?