Naomba ushauri, research ya wakusanyaji wa muziki karne ya 19

Wakuu habari zenu, niko masta ya historia ya muziki, topiki yangu ni watu binafsi waliokusanya nota karne ya 19 na nimemganda padri mmoja wa Rome, Fortunato Santini. Jamaa hakuwa tajiri, nota kibao alizinakili kwa mkono wake mwenyewe, zingine akabadilishana na wenzake kwa barua, 1820 akatoa katalogi, mpaka Mendelssohn, yule mtunzi wa muziki Mjerumani, alivyofika Rome akawa anaenda kuchimba kwake. 1855 akaiuzia dayosisi ya Münster, Ujerumani, mzigo wote, yeye analipwa kila mwaka mpaka afe, yani kama pensheni vile (padri mjanja huyu).

Sasa supavaiza anataka nimlinganishe na mkusanyaji mwingine, Georg Poelchau, ambaye vitu vyake vilinunuliwa na maktaba ya kifalme Berlin 1841, ila yeye alikuwa na hela bana, naona kama nitapotea njia. Nishikilie Santini tu? Na mliozoea hati za kale, nakala isiyo na tarehe mnaanzia wapi, mwandiko au alama ya maji (watermark) kwenye karatasi? Kijerumani changu cha kuungaunga, Kiitaliano ndo afadhali.