Kasino za Mombasa zamani na hizi bonanza za mtaani sasa, nani mwenye mamlaka ya kuzifunga?

mama_kisauni
Asalaam aleikum na habari zenu nyote. Nauliza wanaojua sheria na pia wazee wa mji. Hapa kwetu Kisauni mashini za bonanza, hizi za kamari za kutumbukiza sarafu, zimerudi, ziko nyuma ya vibanda, ziko kwa vinyozi, moja iko njia ya watoto wa shule kabisa, mtoto anatumwa unga anarudi hana unga hana chenji, barobaro nao wakitoka mjengoni pesa inaishia hapo hapo kabla hawajafika kwao. Tumelalamika, afisi ya kwanza inatutuma ya pili, ya pili inatwambia nendeni Nairobi. Nilipokuwa msichana kasino ilikuwa mahali pa wazungu na matajiri huko Nyali, mlangoni kuna bawabu. Imekuwaje kamari imefika dirishani kwangu, na hasa nani anatakiwa kuifunga?

baharia_mstaafu
Mama, wacha nianze na historia. Sheria ya kamari ya kwanza ilikuwa ya 1966, Sura ya 131, ndiyo iliyoleta BCLB, bodi ya serikali ya kusimamia kamari. Nairobi ikatangulia na International Casino pale Museum Hill, pwani ikafuata kwa sababu ya mahoteli, maana ndege za kukodi zilikuwa zaja na Wajerumani na Wataliano na mgeni akishatembea Fort Jesus na kuoga bahari, usiku ataka pa kwenda. Ndio tukawa na kasino ya Golden Key pale Tamarind Nyali, Florida huko Mama Ngina, na Malindi nako wakawa na yao. Manowari za Wamarekani zikitia nanga Kilindini mji haulali, mwenye teksi anapata, muuza mishkaki anapata, na mwenyeji hagusi hiyo meza.

Kisha watalii wakaanza kupungua. Vita vya Likoni 1997, bomu la Kikambala 2002, ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, halafu 2014 Uingereza ikawatahadharisha watu wake wasije na wengine wakarudishwa kwao likizo haijaisha. Kasino ya kutegemea mgeni ikikosa mgeni itaishi vipi? Lakini kamari yenyewe haikufa, ilitafuta mteja mwingine na huyo mteja ndio sisi. Mzungu alikuwa apoteza pesa ya likizo, kijana wetu apoteza kodi ya nyumba. Hilo laniuma sana.

wakili_wa_mtaa
Mzee amesema kweli. Upande wa sheria, angalieni Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Kamari na kasino zimepewa kaunti, halafu jedwali hilo hilo linasema kamari ya kitaifa ni ya serikali kuu, na mpaka kati ya hizo mbili haukuelezwa, ndio maana mwananchi anazungushwa. Agosti 2025 Rais alitia sahihi sheria mpya ya kudhibiti kamari ya kuchukua nafasi ya ile ya 1966, na inaunda mamlaka mpya badala ya BCLB. Mtoto chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza, hilo halina mjadala, sheria ya zamani wala mpya.

Kwa hivyo mama, msiende kulalamika kwa mdomo. Ulizeni kwa barua: hii mashini ina leseni gani, imetolewa kwa nani, na hili jengo lina kibali cha biashara cha kufanya nini, maana kibali cha kinyozi ni cha kunyoa. Mtie sahihi wengi, mpeleke kwa OCS (mkuu wa kituo cha polisi), chifu, MCA (mwakilishi wa wadi) na kaunti, na kila mahali mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua yenye muhuri ni vigumu kuikana.

dogo_likoni
Barua sawa lakini jamani musisahau simu. Wakati Matiang'i ni waziri wa usalama wa ndani mashini zilikamatwa zikachomwa, 2019 kampuni 27 za betting zikanyimwa leseni, na bado vijana walicheza tu. Mashini angalau mama anaiona, simu iko mfukoni na M-Pesa iko ndani yake, mtu yuko kwa feri anavuka na kale kandege ka mchezo wa kamari wa simu kanapaa, anaweka mbao (shilingi ishirini), anaongeza mbao, tukifika ng'ambo hana nauli. Rafiki yangu aliuza pikipiki ya kazi hivyo hivyo na hakuna aliyejua mpaka mwisho. Aprili 2025 matangazo ya kamari yalisimamishwa siku 30, mimi naona yangesimamishwa moja kwa moja, hasa yale ya redio asubuhi watoto wakijiandaa kwenda shule.

ustadh_mvita
Sisi Waislamu aya ya 90 ya Suratul Maida iko wazi, kamari imetajwa pamoja na ulevi. Lakini tusiishie kwa anayecheza. Mwenye kibanda anakula asilimia kwa hiyo mashini, na ni jirani yetu, tunaswali naye safu moja. Aendewe na wazee aambiwe kwa adabu kabla ya OCS.

mama_kisauni
Shukran sana ndugu zangu. Jumamosi kina mama wa chama tunakutana, barua tutaiandika hapo na wazee wawili wameshakubali kwenda kwa kinyozi. Wakili, hiyo ya kaunti inapelekwa afisi ya wadi ama mpaka afisi kuu za kaunti Treasury Square?

wakili_wa_mtaa
Peleka zote mbili, mama. Na upige picha ya mashini ilipo, tarehe ionekane.